Asili, Nakala na Tadlisi: Santuri za Mobile Fidelity Mbele ya Mhakiki

Juu ya majalada ya santuri zitolewazo na kampuni ya Mobile Fidelity Sound Lab ya California hupita utepe wenye maneno matatu, Original Master Recording, ambayo kwa Kiswahili hayana budi kufasiriwa kuwa ni sauti iliyotoka katika kanda kuu ya asili. Maneno hayo yamebebwa na majalada hayo tangu miaka ya mwisho ya 1970, na kwa wapenzi wa sauti safi yamepata heshima ambayo matangazo ya biashara hayaipati kwa kawaida. Mnunuzi aliyeyaona alielewa kwamba kati ya kanda iliyozunguka studioni siku wanamuziki walipopiga, na mfuo aliouweka chini ya sindano nyumbani kwake, hapakuwa na mkono wa kigeni. Mwaka 2022 ilibainika kwamba kwa muda wa miaka kumi na mmoja mkono huo ulikuwapo, wala haukutajwa. Mafundi wamekwisha kulijadili jambo hili kwa upande wa umeme, na wanasheria kwa upande wa fidia. Umebaki upande wa maneno, nao ndio uliokuwa na ugonjwa.

Ili hukumu iwe ya haki, yafaa kwanza ieleweke santuri huzaliwaje. Neno kuzaliwa halikutumiwa hapa kwa mapambo, maana mafundi wenyewe husema kwa lugha ya ukoo. Sauti hunaswa katika kanda ya sumaku, yenye upana wa robo inchi au nusu inchi, ikienda inchi 15 au 30 kwa sekunde. Kanda hiyo huchezwa karibu na kerezo, na ncha ya kerezo, iliyotiwa moto, hukata mfuo mmoja mrefu wa kuzunguka katika sahani ya aluminiamu iliyopakwa laka. Sahani hii ni laini mno, hata kupigwa mara chache kwaidhuru. Basi hutiwa fedha, kisha hujengewa tabaka la nikeli, na nikeli ikibanduliwa hupatikana baba, ambaye mifuo yake imepinduka ikawa matuta. Kutoka kwa baba hutolewa mama, mwenye mifuo kama ya laka. Na kutoka kwa mama hutolewa mihuri, ambayo huikandamiza vinili ya moto katika shinikizo. Ni ukoo wa ajabu, ambao ndani yake mama ni binti wa baba, lakini hesabu yake ni wazi: laka ni mwana wa kanda, baba ni mjukuu, mama ni kitukuu, mhuri ni kilembwe, na santuri aliyonayo msikilizaji mkononi ni kining'ina.

Kila kizazi hupunguza kidogo na kuongeza kidogo. Hupungua ukali wa sauti nyembamba za juu. Huongezeka mchakacho na mivumo isiyokuwa ya mpigaji. Mtu aliyewahi kulinganisha nakala tatu za utenzi mmoja, zilizoandikwa na mikono mitatu, hahitaji kuelezwa jambo hili kwa urefu. Ndiyo sababu tamaa ya kila kampuni inayowauzia wasikilizaji wateuzi imekuwa moja tu tangu mwanzo: kupunguza vizazi.

Mobile Fidelity iliasisiwa na Brad Miller, na santuri zake za jina hilo la Original Master Recording zilianza kutoka mwaka 1977. Sifa yake ya kwanza ilitokana na mwendo wa nusu: kanda na kerezo viliendeshwa vyote kwa nusu ya kasi, ili ncha ya kerezo ipate wasaa wa kukata sauti za juu bila kuyumba. Fundi aliyejulikana zaidi kwa kazi hiyo alikuwa Stan Ricker, na sahani zilikandamizwa Japani katika viwanda vya JVC, kwa vinili safi kuliko ile ya soko la kawaida. Kisha zikaja diski ndogo za tarakimu, nayo kampuni ikazifuata, ikizipaka dhahabu. Na mwaka 1999 ikaanguka. Iliponunuliwa na Jim Davis, mwenye kampuni ya Music Direct ya Chicago, na kurudia kazi ya vinili, ilirudi katika soko lililodhaniwa kuwa la wazee wachache. Dhana hiyo haikudumu. Mwaka 2022, kwa mara ya kwanza tangu 1987, Marekani iliuza santuri za vinili nyingi kuliko diski ndogo: milioni 41 kwa milioni 33.

Katika kurudi huko, jambo lililotangazwa kwa fahari zaidi lilikuwa mtindo uitwao UltraDisc One-Step, ulioanza mwaka 2016 kwa santuri ya Santana iitwayo Abraxas, nakala 2,500. Katika mtindo huu baba na mama huachwa. Nikeli ya kwanza kubanduliwa katika laka ndiyo inayofanywa mhuri. Hivyo vizazi viwili huondolewa, na msikilizaji husogea karibu na kanda kuliko ilivyopata kuwezekana katika biashara ya kawaida. Gharama yake ni kubwa, kwa kuwa laka moja huzaa mhuri mmoja tu, na mhuri huchakaa baada ya kukandamiza sahani mamia kadhaa au kukaribia elfu. Basi nakala zikiwa nyingi, lazima laka nazo ziwe nyingi. Bei ilipanda ikafika dola 125, na wanunuzi walilipa. Mchoro uliofuatana na santuri hizo ulionyesha hatua zote kwa utaratibu, ukimweleza mnunuzi ni zipi zilizoondolewa na ni zipi zilizobaki.

Hesabu ndiyo iliyoufichua ukweli. Kampuni ilipotangaza kwamba santuri ya Michael Jackson iitwayo Thriller, ya mwaka 1982, ingetolewa kwa mtindo huu katika nakala 40,000, watu wenye kujua kazi waliketi na kalamu. Nakala 40,000, kwa mihuri isiyopita elfu moja kila mmoja, zataka laka makumi kwa kila upande. Na laka makumi zataka kanda ya asili ichezwe makumi ya mara. Ni mwenye kanda gani duniani ambaye angekubali hazina yake isuguliwe hivyo? Mnamo Julai 2022 mwenye duka moja la santuri mjini Phoenix, Arizona, alilisema hadharani lile lililokuwa likinong'onwa; baada ya siku chache alialikwa katika karakana ya kampuni mjini Sebastopol, na mafundi walipoulizwa hawakukana. Tangu 2011 kanda za asili, katika sehemu kubwa ya kazi za kampuni, zilikuwa zikihamishiwa kwanza katika tarakimu, kwa utaratibu uitwao DSD, na laka kukatwa kutoka katika tarakimu hizo. Karibu mfululizo wote wa One-Step ulikuwa umepitia njia hiyo.

Hapa inafaa kusimama, kwa kuwa kejeli yake ni kubwa kuliko ilivyoonekana wakati ule. Mtindo uliosifiwa kwa kuondoa vizazi viwili vya chuma mwishoni mwa ukoo ulikuwa umeongeza kizazi kimoja mwanzoni mwake, pale pale penye shina. Mchoro uliomwonyesha mnunuzi nani ameondoka haukumwonyesha nani ameingia.

Wasikilizaji waligawanyika. Kundi la kwanza lilisema limeibiwa. Watu walioisifu santuri fulani kwa miaka mitano kwamba ina ujoto wa kanda na pumzi ya uhai, waligundua wiki hiyo hiyo kwamba ina ukavu wa tarakimu; na haitakuwa dhuluma kusema kwamba masikio yao yalijifunza jambo hilo kwa kusoma, si kwa kusikia. Kundi la pili lilicheka. Lilisema kwamba ikiwa wateuzi wa wateuzi hawakuitambua tarakimu kwa miaka kumi na mmoja, basi tarakimu haina kosa, na dai lote la ubora wa analojia limekufa. DSD ya kawaida huupima wimbi la sauti mara 2,822,400 kwa sekunde, na ile iliyotumiwa katika kazi za baadaye hupima mara nne ya hizo. Ni nani, waliuliza, mwenye sikio la kuona pengo katikati ya vipimo hivyo?

Makundi yote mawili yalikosea mahali pamoja. Yote yalidhani kwamba kilichouzwa ni sauti tu, na kwa hiyo sikio ndilo hakimu wa pekee. Lakini santuri hizi hazikuuzwa kwa sauti pekee. Ziliuzwa pamoja na habari: habari ya zilikotoka. Habari haihukumiwi kwa sikio.

Elimu ya hadithi, ambayo pwani ya Afrika Mashariki imeijua kwa karne nyingi, ilikwisha kuyatenganisha mambo haya mawili kwa usahihi usiopatikana katika mabishano ya mwaka 2022. Hadithi ina matini, yaani maneno yenyewe, na ina isnadi, yaani mnyororo wa watu walioipokezana. Matini inaweza kuwa nzuri na isnadi ikawa mbovu. Uzuri wa moja hauiponyi nyingine. Tena wanazuoni wa fani hiyo wana jina maalumu la kosa ambalo si uwongo wala si ukweli. Mpokezi huwa amekutana na sheikh fulani na kusikia mengi kwake, ila habari hii moja hakuisikia kwake. Aliipata kwa mtu wa kati. Naye humwacha mtu wa kati bila kumtaja, akatumia neno lisiloamua. Hasemi "nilimsikia fulani". Husema "kutoka kwa fulani". Msikilizaji, kwa kuwa anajua kwamba wawili hao walikutana, huujaza mwenyewe mnyororo kwa dhana. Tendo hilo huitwa tadlisi.

Ni vigumu kupata kielelezo kinacholingana na jambo la Mobile Fidelity kuliko hiki. Kampuni haikusema uwongo wa moja kwa moja katika utepe wa majalada yake. Kanda za asili zilikuwapo. Mafundi wake walizishika, walizisafisha, walizicheza kwa mashine zao bora. Tarakimu zilitokana na kanda zile zile, si na nakala ya mtaani. Santuri ilikuwa kweli "kutoka" katika kanda. Neno "kutoka" ndilo lililobeba mzigo wote, na neno hilo lina upana wa kumruhusu mtu wa kati apite bila kuonekana. Maji ya Nile yatoka Ziwa Nyanza, na mtu wa Kairo akiambiwa hivyo hakudanganywa. Lakini akiuziwa chupa yake kwa bei ya maji yaliyotekwa Jinja, ana haki ya kuuliza yamepita wapi.

Wanazuoni hao hao hawakumtupa mudalisi aliye mwaminifu. Wengi wao walishika kanuni ya kati: habari yake hupokewa pale anaposema wazi kwamba amesikia, na husimamishwa pale anaposema "kutoka kwa" tu. Kanuni hii ni bora kuliko hasira ya kundi la kwanza na kicheko cha kundi la pili, na itarejewa hapa mbele. Kabla ya hapo liko swali jingine ambalo mabishano yaliliruka, nalo ni gumu zaidi: asili yenyewe ni kitu gani?

Kwa Kiswahili, kama kwa Kiarabu ilikotoka, asili ni shina, mahali kitu kinapoanzia. Nakala nayo yatokana na neno lenye maana ya kuhamisha, kuchukua kitu hapa na kukipeleka pale. Kwa hiyo lugha yenyewe haiiti nakala kuwa ni kitu cha uwongo, huiita safari. Na watu waliozoea miswada wanajua kwamba nakala iliyo kongwe zaidi si lazima iwe iliyo sahihi zaidi. Mwandishi wa kwanza aweza kuruka mstari, na wa pili, akiwa na chanzo kingine, akaurudisha.

Mfano mashuhuri wa jambo hili katika kanda ni santuri ya Miles Davis iitwayo Kind of Blue, ya mwaka 1959. Sehemu ya kwanza ilinaswa tarehe 2 Machi katika studio ya Columbia ya mtaa wa 30 mjini New York, kwa mashine mbili zilizokwenda pamoja: moja ikitengeneza kanda kuu na nyingine kanda ya akiba. Mashine ya kanda kuu siku hiyo ilikwenda polepole kidogo kuliko kipimo chake. Kanda iliyonaswa polepole, ikichezwa kwa mwendo wa sawa, hukimbia. Basi nyimbo tatu za upande wa kwanza zilipanda sauti juu ya mahali wapigaji walipopigia. Kwa miaka thelathini na zaidi dunia nzima iliisikia kazi hiyo ikiwa imekwenda upande, na wanafunzi waliojaribu kuifuatisha kwa ala zao waliona hazilingani wakadhani kosa ni lao. Mwaka 1992 kosa lilirekebishwa kwa kurejea kanda ya akiba. Kanda kuu, yenye haki zote za kuitwa asili, ndiyo iliyopotosha. Na ile iliyowekwa kando kwa tahadhari ndiyo iliyohifadhi. Mtu anayedai "kanda ya asili na si kinginecho" anadai nini basi mbele ya santuri hii?

Tena kuna asili ya namna nyingine. Rudy Van Gelder, aliyenasa sehemu kubwa ya kazi za Blue Note, kwanza katika sebule ya wazazi wake huko Hackensack, New Jersey, kisha kuanzia 1959 katika studio yake ya Englewood Cliffs, hakuwa mnasaji tu. Aliikata laka kwa mkono wake mwenyewe, naye alikata akizijua mashine za nyumbani za wakati wake, zilizorukwa na sindano pale besi ilipokuwa nzito. Alibana hapa, akasukuma pale. Santuri aliyoitia alama yake ilikuwa kazi yake ya mwisho, na kanda ilikuwa rasimu. Mfululizo wa Tone Poet, ulioanzishwa na Blue Note mwaka 2019 chini ya usimamizi wa Joe Harley, hukatwa na Kevin Gray kutoka katika kanda hizo hizo bila tarakimu katikati, na kwa hakika humpa msikilizaji mengi yaliyomo katika kanda ambayo Van Gelder aliyazuia. Sauti ni pana, besi imeachiwa, matoazi yana hewa. Lakini yamkini kuuliza: je, huku ni kurudi kwenye asili, au ni kumsahihisha mtu aliyekuwa na haki ya kusema neno la mwisho? Mhariri anayechapisha rasimu ya mshairi na kuliacha toleo ambalo mshairi mwenyewe alilipitisha, hafanyi kosa. Lakini ni lazima aseme kwamba ndivyo alivyofanya. Tone Poet husema. Jina la mkataji limeandikwa, njia imeandikwa, na mwenye kupenda toleo la Van Gelder anajua aendako.

Wala usafi wa analojia wa zamani haukuwa mkamilifu kama unavyokumbukwa. Kerezo lahitaji kujua mapema sauti kubwa inakuja, ili lipanue nafasi kati ya mfuo na mfuo. Katika njia ya kale, mashine ya kanda ilikuwa na kichwa cha ziada kilichotangulia kuisoma kanda na kulionya kerezo. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1970 vyumba vingi vya kukatia viliacha kichwa hicho vikatumia kifaa cha kuchelewesha sauti kwa tarakimu: kanda ililionya kerezo moja kwa moja, na sauti yenyewe ikapita katika tarakimu ikisubiri zamu yake. Kwa hiyo katika makabati ya wapinzani wakali wa tarakimu zimo santuri za miaka ya 1980 zilizopita katika tarakimu ambazo hakuna aliyezitaja, wala aliyeuliza.

Upande wa kampuni una hoja moja ya nguvu, nayo haikupewa haki yake. Kanda ni mwili unaokufa. Kila mara inapopita mbele ya kichwa cha mashine huacha chembe za unga wake. Kanda nyingi zilizotengenezwa tangu kati ya miaka ya 1970 zina gundi inayonyonya unyevu wa hewa ikawa ulimbo, hata haziwezi kuchezwa mpaka zikaushwe kwanza kwa moto mdogo kwa saa nyingi. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliwaka katika uwanja wa Universal huko Hollywood na kuteketeza jengo lililohifadhi kanda. Gazeti la New York Times lilipoeleza hasara hiyo mwaka 2019 kampuni ilibisha juu ya ukubwa wake, lakini haikubisha kwamba kanda ziliungua. Wenye hazina kama hizo wamejifunza hofu. Baadhi yao hawaruhusu kanda itoke ghalani; fundi hana budi kwenda kwao na mashine yake, kuicheza mara moja kwa uangalifu wote, na kuondoka na sauti katika tarakimu. Mtu anayeipenda kazi ya sanaa kuliko kuupenda ushabiki wake atakubali kwamba kuicheza mara moja ni bora kuliko kuicheza mara arobaini.

Lakini hoja hii inaithibitisha lawama, haiiondoi. Sababu ikiwa njema, kwa nini isiandikwe? Mtu wa kati aliyekuwa na adabu, mwenye vipimo milioni kwa sekunde, aliyeiokoa kanda na uchakavu, alistahili kutajwa kwa heshima katika mchoro. Alifichwa kwa sababu soko lilikuwa limefundishwa kumchukia, na miongoni mwa waliolifundisha hivyo ni kampuni zenyewe. Hapo ndipo jambo linapotoka katika ufundi na kuingia katika amana ya maneno. Kampuni iliyojenga jina lake juu ya neno asili ilizoea kuvuna heshima ya neno hilo, hata ilipokuwa na ukweli ulio mzuri zaidi haikuthubutu kuusema.

Kwa wanaoshughulika na sauti za Kiswahili, jambo hili si la Marekani peke yake. Santuri za Siti binti Saad zilizotengenezwa Bombay mwaka 1928 kwa jina la His Master's Voice zilinaswa kabla ya kanda ya sumaku kuingia katika kazi hii. Sauti ilikwenda moja kwa moja katika nta, na nta iliharibika katika kuzaa chuma. Kwa santuri kama hizo asili haipo, hata kwa nadharia. Zipo nakala tu, na nakala zilizosuguliwa na sindano za miaka mingi. Zinapohamishwa leo katika tarakimu, mhamishaji huchagua nakala ipi, kasi ipi, maana hizo zilizoitwa za mizunguko 78 hazikuwa zote za 78 kamili, sindano ya unene gani, na achuje mchakacho kiasi gani. Kila uchaguzi hubadili sauti ya mwimbaji ambaye hayupo kukataa. Kasi ikikosewa kidogo, sauti ya mwanamke mtu mzima huwa ya msichana. Mwandishi wa miswada wa zamani, kama alivyokuwa Muhammad Kijuma wa Lamu, anajulikana kwa mkono wake, na msomaji aweza kuupima uaminifu wa nakala kwa kuujua mkono. Sauti iliyohamishwa bila maelezo haina mkono. Faharasa inayosema tu "kutoka santuri ya asili" inafanya tadlisi ile ile, kwa nia safi.

Baada ya 2022 Mobile Fidelity ilibadili mwenendo. Kesi iliyofunguliwa na wanunuzi ilimalizwa kwa suluhu mwaka 2023, kwa kiasi cha dola milioni 25, ikiwahusu walionunua kati ya Machi 2011 na Julai 2022. Lenye uzito zaidi kwa mhakiki ni kwamba kampuni ilianza kutangaza mnyororo wa kila santuri: kanda ya upana gani, mwendo wa inchi ngapi, imehamishiwa DSD ya daraja gani au haikuhamishwa, kisha kwenye kerezo. Lugha hiyo mpya ni kavu, haina mvuto wa ile ya zamani, na ni bora kuliko ile kwa kila kipimo. Kwa kanuni iliyotajwa hapo juu, mpokezi huyu sasa amesema wazi alichosikia na alikosikia, na habari yake ya baada ya 2022 yapaswa kupokewa. Za kabla yake zibaki zimesimama: zisikilizwe, zifurahiwe, maana nyingi ni nzuri sana, lakini zisitolewe kuwa ushahidi wa jinsi kanda isiyopita katika tarakimu inavyosikika. Utepe wa maneno matatu haukuondolewa juu ya majalada. Hilo ni kosa dogo la ukaidi, maana mnyororo uliochapishwa kwa herufi ndogo umekwisha kuufasiri, na fasiri hiyo ni nyembamba kuliko majivuno ya utepe.

Katika kila santuri kuna nafasi tupu kati ya mwisho wa wimbo na karatasi ya katikati, ambamo sindano huzunguka bila kutoa kitu. Hapo wakataji wa laka huchora herufi zao kwa ncha ya chuma, kama mnakili atiavyo jina lake chini ya ubeti wa mwisho. Katika santuri za mwanzo za Mobile Fidelity huonekana SR za Stan Ricker. Katika Blue Note za zamani huonekana RVG au jina zima la Van Gelder. Katika nyingi za Kevin Gray huonekana KPG. Katika santuri zilizokatwa Sebastopol kati ya 2011 na 2022 herufi za mkataji zimo vile vile, zimechorwa kwa mkono thabiti, nazo zasema ukweli mtupu juu ya nani aliyekata. Alichokuwa akikitazama alipokuwa akikata, hazisemi.